Tusizike kompyuta za shule zilizo hai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie kompyuta za shule zetu za sekondari, ambazo tangu Oktoba 2025 zimeanza kusogezwa stoo moja baada ya nyingine. Tarehe 14 ya mwezi huo Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya masahihisho ya usalama kwa mfumo endeshi wake wa Windows 10, na toleo linalofuata, Windows 11, linadai prosesa za miaka ya karibuni pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, vitu ambavyo mashine nyingi za msaada tulizopokea hapa Tabora hazina. Fundi anakuja, anaiwasha, anasoma ujumbe kwenye kioo, kisha anaandika kwenye fomu kwamba imepitwa na wakati.

Mimi ni mwalimu wa somo la kompyuta, na kwa macho yangu nimeona kwamba mashine hizo ni nzima. Mwezi Novemba nilichukua moja kati ya zilizokuwa zimeandikiwa kufutwa, yenye RAM ya GB 4 na kibodi iliyong'oka herufi M. Nilipakua Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, usiku wa manane, saa ambazo bando ni nafuu, nikaiweka kwenye flashi ya GB 8, na kesho yake nikaichomeka. Kabla kipindi cha pili hakijagongwa, kompyuta ilikuwa imewaka kwa mfumo endeshi mpya, LibreOffice ya kuandikia na kukokotolea ikiwa imo tayari, Firefox imo, na hakuna mahali popote palipouliza namba ya leseni. Wanafunzi wa kidato cha pili waliikalia siku hiyohiyo. Kilichowapa tabu ni ile M tu, wakawa wanaibonyeza kwa kitako cha kalamu.

Hii ndiyo programu huria: maagizo yaliyoandikwa na watengenezaji wake yako wazi, na kila mtu ana haki ya kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Si jambo la jana. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuunda mfumo endeshi huria, nchini Marekani mwaka 1983, na mwaka 1991 Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, akatoa kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani ya mfumo endeshi inayoongoza vifaa vya kompyuta. Kwetu pia lina historia ambayo nasikitika kuona walimu vijana hawaijui, kwa sababu mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye menyu za Kiswahili, na waliweza kufanya hivyo kwa kuwa leseni yake iliwaruhusu kuitafsiri bila kusubiri kibali cha kampuni yoyote.

Gharama ya mashine mpya ni kubwa, lakini kinachoniuma zaidi ni kumbukumbu zetu. Shule niliyofundisha zamani ilinunua programu ya kutunzia alama na kutolea ripoti za wanafunzi, iliyolipiwa kwa mwaka. Mwaka mmoja fedha zilichelewa, malipo hayakufanyika, na programu ikajifunga pamoja na matokeo ya miaka mitatu yaliyokuwemo. Mzazi mmoja alikuja akitaka ripoti za mwanawe aliyekuwa anahama shule. Tulikuwa na faili lenyewe ndani ya kompyuta yetu, juu ya meza yetu, tukashindwa kulifungua. Ilibidi mwalimu wa taaluma achambue karatasi zilizowahi kubandikwa ubaoni, nyingine zimeshaliwa na mchwa, na kunakili alama kwa mkono hadi jua likazama. Yule mzazi alisubiri chini ya mwembe saa zote hizo.

Wakazi wa Tabora wanaweza kulielewa tatizo hili kwa kuitazama reli. Reli ya Kati, iliyofika hapa mwaka 1912, ina upana wa mita moja, na ile ya TAZARA, iendayo Zambia, ina upana wa milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, pungufu ya urefu wa kidole, lakini kwa tofauti hiyo ilibidi kijengwe kituo cha kuhamishia mizigo kule Kidatu, kwa kuwa behewa la njia moja halitembei juu ya njia nyingine. Faili lililoandikwa kwa muundo wa siri wa kampuni moja liko hivyohivyo. Ndiyo maana ninathamini ODF, muundo wa kuhifadhia faili unaotumiwa na LibreOffice, ambao tangu mwaka 2006 ni kiwango cha kimataifa cha ISO: maelezo yake yamechapishwa, na mtengenezaji yeyote anaweza kuunda programu ya kuufungua.

Sitaki nieleweke kwamba njia hii haina matatizo. Baadhi ya printa zinasumbua, na waraka uliopangwa kwa Microsoft Word huweza kuvurugika majedwali ukifunguliwa kwenye LibreOffice. Jiji la Munich, Ujerumani, lilihamia Linux kwa miaka mingi, kisha mwaka 2017 madiwani wakaamua kurejea Windows. Hata hivyo mfano unaotufaa zaidi ni jimbo la Kerala nchini India, ambako shule za umma zinafundisha kompyuta kwa programu huria, na walimu wenyewe ndio wanaofundishwa kuziweka na kuzitunza.

Kuna jambo jingine ambalo walimu tunalinyamazia. Kompyuta nyingi za shule hazina leseni halali hata kidogo. Tunamwita fundi wa mtaani "apige windo" kwa Sh10,000, anaweka nakala ya wizi, na mara nyingi virusi vinaingia pamoja nayo. Kisha tunasimama mbele ya darasa kumfundisha mtoto uaminifu katika mtihani. Mimi nilifanya hivyo miaka kadhaa, na sitaki kuendelea.

Naiomba halmashauri, kabla haijasaini fomu ya kufuta kompyuta yoyote ya shule, iagize ijaribiwe kwanza kwa mfumo huria. Naiomba pia isiruhusu shule kununua programu ya matokeo bila mkataba kusema wazi kwamba alama zote zitaweza kutolewa katika faili la kawaida la jedwali, hata siku ambayo malipo yamekoma. Kwa wafadhili wanaotuletea mashine zilizotumika, ombi langu ni dogo: zije na Linux tayari, na waongeze Kiwix, programu ya kusomea tovuti bila intaneti, yenye Wikipedia ya Kiswahili, ili mwanafunzi asome bila bando.

Kwa walimu wenzangu wa Tabora Manispaa, Uyui na Sikonge, nimeanza kuwapokea wanaotaka kujifunza kila Jumamosi asubuhi baada ya usafi wa mazingira. Mwalimu aje na flashi tupu ya GB 8 na, akiweza, ile kompyuta iliyoandikiwa kufutwa.

Mwalimu wa Sekondari,
Isevya, Tabora