Mkakati wa tabianchi una kasma ipi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nimesoma habari mliyochapisha kuhusu uzinduzi wa mkakati mwingine wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, pamoja na picha ya viongozi waliosimama mstari mmoja, kila mmoja na kitabu chake mkononi. Sina ugomvi na vitabu hivyo. Katika miaka 26 niliyokuwa afisa mipango wa halmashauri, nimeshiriki kuandika vitatu vya namna hiyo. Ninachouliza ni jambo ambalo habari yenu haikuligusa: huo mkakati umewekewa kasma gani kwenye bajeti?

Msomaji ambaye hajawahi kukaa kwenye kikao cha bajeti anaweza kuona nauliza jambo dogo. Kasma ni ile namba inayobeba kila matumizi ya serikali. Mafuta ya gari yana kasma, karatasi zina kasma, ukarabati wa paa una kasma. Kitu kisicho na kasma hakilipiwi, hata kama mkubwa amekiahidi jukwaani na watu wakapiga makofi, kwa sababu mhasibu hana pa kukiandika. Sera nyingi za tabianchi nilizopitia zilikuwa na dira, malengo, jedwali la wadau na kurasa nzima za shukrani. Ukitafuta mstari unaosema nani atalipa mwaka huu, mwaka ujao na mwaka utakaofuata, huupati. Unakuta maneno "wadau wa maendeleo", basi.

Nieleze nililoshuhudia kwa macho yangu. Katika eneo nililofanyia kazi kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa anasoma kipima mvua. Kifaa chenyewe ni cha kawaida: mtungi wa bati wenye mdomo wa mviringo, faneli, chupa ya kukusanyia maji ndani yake, na glasi nyembamba yenye mistari ya milimita. Kila siku saa tatu asubuhi, Jumapili na likizo zikiwemo, anatoa chupa, anamimina maji kwenye glasi, anainama mpaka jicho lake lilingane na usawa wa maji, kisha anaandika kwenye rejista. Siku isiyo na mvua anaandika sifuri. Nilimuuliza kwa nini asiruke tu. Akanijibu, "Afisa, sifuri nayo ni habari. Nikiacha wazi, kesho hakuna atakayejua kama mvua haikunyesha au mimi sikuja." Kwa kazi hiyo aliahidiwa posho ndogo. Kuna miaka ililipwa na kuna miaka haikulipwa, lakini rejista haikukatika.

Ukaja mradi wa tabianchi. Tukafungiwa kituo cha kisasa cha kupima hali ya hewa kinachojiendesha chenyewe, chenye paneli ya sola na laini ya kutuma takwimu. Kilikuwa kifaa kizuri na sikibezi. Misimu miwili ya mvua baadaye betri ikafa. Mradi ulikuwa umeshafungwa, gari lake limeshaondoka, na kituo hakikuwahi kuingizwa kwenye daftari la mali za halmashauri. Barua ya kuomba betri ilipita ofisi tatu. Jibu la mwisho lilisema hakuna kasma ya matengenezo ya kifaa hicho, na sahihi mojawapo iliyo chini ya jibu hilo ni yangu. Nilisaini kwa sababu lilikuwa kweli. Limenikaa moyoni mpaka leo.

Halafu yakaja mafuriko. Baada ya kuhesabu nyumba na madaraja yaliyokwenda na maji, tukaambiwa tuandae andiko la mradi tuombe fedha nje. Wasiowahi kuandika andiko la aina hiyo wajue kwamba mifuko mikubwa, ukiwemo Mfuko wa Kijani wa Tabianchi wenye makao yake Songdo, Korea Kusini, inataka uthibitishe kwa takwimu kuwa tatizo lako linatokana na tabianchi kubadilika, kwamba si mitaro iliyoziba tu. Wataalamu wa hali ya hewa huangalia mfululizo wa miaka 30 ndipo waseme hali ya kawaida ya mahali ni ipi. Kituo chetu cha kisasa kilikuwa kimya tangu betri ife. Nikaenda kwa yule mwalimu. Akafungua kabati, akatoa rejista zilizofungwa kwa kamba, nyingine za mtangulizi wake, kurasa zimekuwa rangi ya chai na wino umefifia. Tulikaa siku nne tukinakili milimita na sifuri. Bila zile sifuri tusingekuwa na andiko. Waliosema usiache mbachao kwa msala upitao walijua walichokuwa wakisema. Andiko lilikwenda, likarudi na maswali, likaenda tena, na nilipostaafu lilikuwa bado linazunguka.

Najua nitajibiwa kuwa fedha hazipo, na kwamba zinapaswa kutoka kwa waliochafua anga. Hoja hiyo naikubali kwa moyo wote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi wa mwaka 1992, uliofunguliwa kwa kusainiwa Rio de Janeiro, unasema wajibu ni wa wote lakini haulingani. Mwaka 2009, kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kufikisha dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za OECD, jumuiya yao wenyewe, kiwango hicho kilifikiwa mwaka 2022. Na katika fedha za umma zilizohesabiwa mwaka huo, karibu asilimia 70 zilikuwa mikopo. Yaani aliyebomolewa nyumba anakopeshwa matofali, kisha anadaiwa na riba. Mwaka 2024, kwenye mkutano wa Baku, nchi hizo zikaahidi dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, ilhali madai ya nchi zinazoendelea yalikuwa trilioni 1.3. Wajumbe wetu wakipaza sauti kwenye mikutano hiyo wanatutetea, na wasichoke.

Lakini betri yetu haikukosekana kwa sababu ya Copenhagen. Ilikosekana kwa sababu hapa kwetu tumezoea kuita tabianchi mradi, na mradi una tarehe ya kufa. Mvua haina tarehe hiyo. Kazi ya kuwalinda watu dhidi ya hali ya hewa ni ya kila siku, kama ya zahanati. Inataka mshahara, betri, kuzibua mitaro kabla ya masika, vocha ya simu ya anayetoa tahadhari. Ni gharama ndogo ndogo ambazo mfadhili hapendi kuzilipia kwa kuwa hazina cha kuzindua, na hazina ya serikali nayo haizilipi kwa kuwa inamsubiri mfadhili.

Bangladesh ni nchi iliyoonja msiba kuliko wengi wetu. Kimbunga cha Bhola cha mwaka 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Baada ya hapo walijenga mpango wa tahadhari ambao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 unaendeshwa na serikali pamoja na shirika la misaada la Hilali Nyekundu. Una makumi ya maelfu ya watu wa kujitolea vijijini, wenye redio, vipaza sauti vya mkononi na bendera za ishara, nao hufanya mazoezi hata miaka ambayo kimbunga hakiji. Mwaka 2020 kilipokuja kimbunga Amphan, watu zaidi ya milioni 2 walihamishiwa mahali salama, na waliofariki nchini humo hawakufika 100. Vimbunga havifanani nguvu wala mahali vinapopiga, lakini tofauti kubwa kiasi hicho haiwezi kuwa bahati tu. Kuna mtu alihakikisha redio zina betri kwa miaka 50.

Kuna swali jingine ambalo wanasiasa hulikwepa: tabianchi ikae ofisi gani? Kwa kawaida hupewa wizara ya mazingira, na wizara ya mazingira haishiki ufunguo wa hazina. Nimehudhuria vikao ambavyo afisa mazingira anaeleza hatari kwa takwimu nzito, watu wa fedha wanaitikia kwa kichwa kwa heshima, kisha ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu tunachoruhusiwa kutumia, unaletwa uleule wa mwaka jana. Kenya, kwa Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016, iliunda baraza ambalo mwenyekiti wake ni Rais mwenyewe. Hiyo peke yake haitoshi, maana Rais ana viti vingi. Linalonivutia zaidi ni lililoanza Isiolo kabla hata ya sheria hiyo: mfuko wa kaunti ambao kamati za wadi, zenye watu waliochaguliwa na wenzao, ndizo zinazopendekeza nini kifanyike. Mfugaji anajua kisima kipi hukauka kwanza. Nepal nayo, katika sera yake ya mwaka 2011, iliandika kuwa angalau asilimia 80 ya fedha za tabianchi zifike ngazi ya chini. Kuandika ni jambo moja na kutekeleza ni jingine, lakini asilimia ikishaandikwa, mwananchi ana cha kudai na mkaguzi ana cha kukagua. "Wadau wa maendeleo" hawakaguliki.

Ninachoomba kwa serikali za nchi zetu zote zenye mikakati ya namna hii hakihitaji mkutano mwingine. Kila halmashauri iwe na kasma ya kudumu ya tabianchi kwenye matumizi ya kawaida, hata ikianza na fedha kidogo, na fedha hiyo isihamishwe katikati ya mwaka kwenda kwenye sherehe. Kila kifaa cha mradi kiingizwe kwenye daftari la mali siku kinapofungwa, na jina la mtu wa kukitunza liandikwe hapo hapo. Kiasi kilichopokelewa na kilichotumika kibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji au mtaa, kwa Kiswahili kinachosomeka, kama tunavyobandika matokeo ya uchaguzi. Nimeona taarifa za mamilioni ya dola ambazo wananchi waliotajwa ndani yake kuwa wamenufaika wasingeweza kusoma hata kichwa cha habari, kwa kuwa zimeandikwa kwa lugha ya waliotoa fedha. Hapo hata mwizi hahitaji kujificha.

Na wasoma vipimo, kama yule mwalimu, walipwe. Hawa ndio wanaoshika ushahidi wetu tunapokwenda kudai haki kwenye Mfuko wa Hasara na Uharibifu, ule wa kusaidia nchi zilizoumizwa na tabianchi, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022. Hatuwezi kudai fidia ya mvua ambayo hatukuipima.

Ndugu Mhariri, msimu wa bajeti hauko mbali. Naomba mmoja wa waandishi wako aingie kwenye mkutano na waandishi wa habari akiwa na ule mkakati mkononi, aulize kasma yake iko ukurasa wa ngapi. Akishaonyeshwa, aulize kiasi gani kilitengwa mwaka jana na kiasi gani kilitoka. Majibu yachapishwe kama yalivyo, hata kama ni sifuri.

Afisa mipango mstaafu