Uliezeka Kwanza, Ukasema Baadaye

Mwanangu, kamwene.

Nakuandikia kwa kalamu, na dada yako atakukabidhi mwenyewe mkononi. Mambo haya sitaki yapite kwenye simu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu unakijua kuliko mimi: mwanaume kulala na mwanaume mwenzake, jela miaka 30 hadi maisha. Nilikisoma mara ya kwanza baada ya wewe kuondoka, na usiku ule sikulala.

Desemba ulikuja na mabati. Ukasimamia mafundi siku nne, ukapanda juu mwenyewe, ukahesabu hadi misumari. Bati la mwisho lilipogongwa ndipo ukaniita nyuma ya karakana, ukaniambia moyo wako hauendi kwa wanawake. Nilinyamaza. Nisamehe kwa ule ukimya. Ila kilichonisumbua baadaye ni ule mpangilio wako: uliezeka kwanza, ukasema baadaye. Kama mtu anayelipa faini kabla hajasomewa shtaka.

Nikaanza kurudi nyuma. Ulikuwa darasa la sita, uko karakanani unapiga msasa miguu ya meza ya mteja. Wazee walikuwa wanamcheka kijana mmoja wa mtaani, na mimi, kwa kutaka kuonekana mwanaume, nikasema wangu akitoka hivyo hakanyagi tena kwangu. Sikukutazama. Nilisikia tu msasa umesimama kidogo, kisha ukaendelea. Muhula ule ukawa wa kwanza darasani, na hukushuka tena mpaka divisheni wani ya kidato cha nne. Nikajisifu kwa watu kwamba ukali wangu umezaa matunda. Vyeti vyako nikavitengenezea fremu za mninga, mbao ambayo hata kitanda changu hakina.

Dada yako (unajua anavyopenda kunielimisha) ameniambia kuna watafiti wa Marekani walioandika juu ya jambo hili mwaka 2013. Walichunguza vijana wa vyuo vikuu, wakaona wale wapendao wanaume wenzao, kadiri walivyoficha kwa miaka mingi, ndivyo walivyozidi kujipimia thamani kwa masomo, kwa sura na kwa kushindana na watu. Ananieleza, mimi nimezikodolea macho fremu ukutani. Nilidhani nimetundika fahari yangu. Kumbe nimetundika ngao zako.

Mbao za msindano za huku Mafinga unazijua, zina macho mengi. Mteja akikataa ubao wenye jicho, unapiga randa, unageuza, unapiga tena. Jicho haliondoki, maana limepita hadi upande wa pili. Kinachoisha ni ubao. Na Desemba nilikuona ulivyokonda, baba.

Mimi bado ni mzee wa kanisa, na sitakudanganya kwamba nimemaliza kuzungumza na Mungu. Kuna siku naamka na hasira, nisijue ni ya nani. Lakini lile neno la karakanani nalifuta. Nyumba hii unaingia hata ukija umefukuzwa kazi. Ungeingia hata kama mitihani ya uhasibu ya CPA ungeifeli yote, na hata kama tungekuwa bado tunavujiwa. Mama yako hajui, wala si mimi nitakayemwambia. Hilo ni lako, kwa siku yako.

Nikikuuliza habari zako unanijibu habari za ofisini. Cheo chako nakijua, mshahara wako naujua. Jana mama yako kaniuliza kama unakula vizuri huko, na kama ukiugua kuna mtu wa kukukorogea uji. Nimeishia kukohoa.

Mwezi huu usitume hela. Nijibu hilo la uji tu, jibu umpe dada yako arudi nalo.

Baba yako