Usizichovye kwenye beseni

Mshikaji wangu,

Mwangaluka! Najua utanijibu Kihaya makusudi, poa tu. Huku Kirumba, Mwanza, wazima, sato wamepanda bei, na shemeji yako anakusalimu ila ile elfu ishirini bado hajaisahau.

Sasa we umesema umefungua sanduku la marehemu mzee umekuta santuri kama thelathini zimeota ukungu na Jumamosi unataka kuziosha. Naomba usiguse kwanza. Mimi za babu nilizifanyia ujinga mpaka leo naona aibu kusimulia.

Nilijaza maji ya bomba kwenye beseni la kufulia, nikatia sabuni ya unga, nikazitumbukiza zote kama sahani za msibani. Kumbe babu, si unajua alikuwa karani wa pamba, zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika alikuwa anaandika kwa peni pale kwenye lebo ya katikati, kanunua wapi na lini, mwandiko ule wa kulala wa zamani. Naikumbuka moja ya Morogoro Jazz, kaandika "Nairobi, 1972", maana enzi hizo kwetu hapakuwa na kiwanda cha santuri, bendi zetu nyingi zilikuwa zinatolewa Kenya, sijui alimtuma nani. Nilipozitoa wino umeshayeyuka, lebo mbili zinaelea zenyewe. Muziki upo, babu kafutika.

Kwa hiyo kwanza piga picha lebo zote, mbele na nyuma. Halafu ondoa vumbi kavu kwa brashi laini, ukimwagia maji juu ya vumbi unatengeneza matope na matope ndo yanachubua. Maji chukua yale ya kuongezea kwenye betri ya gari, ila mwambie muuzaji vizuri usije ukapewa asidi ukaniletea kesi. Ya bomba yakikauka yanaacha chumvi kwenye mistari, utasikia kwaru kwaru vilevile. Tone moja la sabuni ya maji ya vyombo linatosha kabisa. Lebo izibe na mfuniko wa plastiki, kitambaa laini kisichotoa manyoya, futa kuzunguka kufuata mistari, usikatize kama unadeki. Suuza na maji mapya, hapa watu wengi wanaona uvivu, sabuni ikikaukia mle ndani sindano ya gramafoni ndo itakuja kuila. Simamisha kwenye kichanja cha vyombo, kivulini. Jua hapana, mimi moja niliiegemeza dirishani nikaenda zangu Makoroboi kurudi imejikunja kama chapati.

Spiriti sasa. Kama kuna zile nzito, nene, zimeandikwa 78, zinazovunjika kama sahani ya udongo, usizipake spiriti hata tone. Zile sio plastiki, ni shelaki, utomvu fulani wa wadudu, spiriti inaiyeyusha unabaki unashangaa. Hizo kitambaa chenye unyevu kidogo tu basi, na ukaushe haraka.

Mikwaruzo usitegemee itatoka, kilichochimbika kimechimbika. Ila ukungu unatoka, na siku ya kwanza utakayosikia gitaa la besi limetokea ambalo hukuwahi kujua lipo mle ndani utanipigia simu usiku, nakujua. Na sindano nayo ifute, kutoka nyuma kuja mbele, taratibu, maana ikiwa na uchafu unaosha bure.

Kama unaona kazi, zipakie unitumie kwa meli, ila zisimame kwenye boksi, usizilaze halafu mtu akaweka mkungu wa ndizi juu. Na yoyote utakayokuta mzee kaandika kitu kwa mkono hiyo usiioshe kabisa, njoo nayo mwenyewe na vumbi lake, tuisome kwanza.

Wako wa Kirumba

NB: elfu ishirini unaweza kuitia ndani ya boksi.