Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wauguzi wa Afya ya Akili

Ndugu Mlezi wa chama, wajumbe wa Kamati ya Utendaji, wazee wetu wastaafu, dada zangu na kaka zangu wanachama: Asalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha leo tukiwa wazima, na nawaombea pumziko jema wenzetu wawili waliotangulia mbele ya haki mwaka huu.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Kamati ilikaa kila robo mwaka. Tarehe 12 Mei tuliadhimisha Siku ya Wauguzi pamoja na wenzetu wa wodi nyingine. Tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili, tuliweka meza stendi ya mabasi, tukapima presha na kuzungumza na wananchi kuhusu sonona, kifafa na bangi. Tuliuguza, tukazika, tukapeleka rambirambi. Yote yako kwenye kumbukumbu za Katibu, mwenye kutaka undani amwone.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo mmekuja nalo moyoni. Mwezi Machi kamati iliamua kwamba fedha za vitenge na sherehe ya Siku ya Wauguzi, shilingi 1,850,000, ziende kwenye mafunzo ya kumhudumia mgonjwa mwenye fujo bila kumfunga. Maneno yamekuwa mengi tangu siku hiyo. Nimeitwa dikteta kwenye kundi letu la WhatsApp. Nimeambiwa nimekula fedha, kisha nikaambiwa sikuzila bali natafuta sifa kwa wakubwa. Nimenyamaza mpaka leo kwa sababu mahali pa kujibu ni hapa, mbele ya mkutano, kumbukumbu zikiandikwa.

Mtakumbuka kilichotokea Februari katika hospitali mojawapo ya kanda yetu, ambayo sitaitaja. Kijana aliyeugua kwa mara ya kwanza, fundi cherehani, aliletwa jioni na ndugu zake. Usiku alipiga kelele, akavunja kioo, akafungwa mikono kwenye kitanda kwa vipande vya shuka. Muuguzi wa zamu alikuwa peke yake na wodi imejaa. Hakuna aliyerudi kulegeza. Zamu ya asubuhi ilipofika, vidole vilikuwa vimevimba, na mkono wa kulia umelegea kwenye kifundo, hauinuki. Mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa usiku kucha. Kwenye faili kulikuwa na mstari mmoja tu: "mgonjwa ametulia." Mimi mwenyewe nilikwenda kumwona. Nilimpa kalamu aishike, ikamponyoka. Mama yake aliniuliza kama mkono utarudi kushika mkasi, nami nilimweleza yaliyo kweli, kwamba mara nyingi mshipa wa namna hiyo hupona kwa wiki au miezi, lakini si kila mara.

Wanachama wetu wawili waliitwa kwenye kamati ya nidhamu kwa tukio hilo. Wapo waliotaka chama kiandike barua ya kuwatetea na kiishie hapo. Tuliwapa mtu wa kukaa nao na tulihakikisha wanasikilizwa, hilo ni haki yao. Lakini niliona, na bado naona, kwamba chama cha taaluma kinachotetea mwanachama bila kugusa kilichomfikisha pale kinamwandalia mwingine njia ileile. Vitenge vingeshonwa, tungepiga picha tukipendeza, na usiku huohuo mgonjwa mwingine angekuwa amefungwa mahali fulani. Hiyo ndiyo sababu ya uamuzi, hakuna nyingine.

Kuhusu utaratibu: katiba yetu inairuhusu kamati kuhamisha fungu kati ya mikutano kwa jambo la dharura la kitaaluma, ilimradi itoe taarifa mkutano mkuu. Taarifa ndiyo hii. Hata hivyo sikutaka tujifiche nyuma ya katiba, nikaitisha kikao cha wanachama wote. Tuko 163. Walikuja 19. Waliokosa kikao ndio waliokuwa wakituma ujumbe mpaka saa sita za usiku wakisema hawakushirikishwa. Ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi na chai ilikuwepo.

Hoja nzito zaidi si ya vitenge. Ni ile aliyoisema dada yetu mmoja wa wodi ya wanaume, nami naiheshimu: "Mwenyekiti, usiku niko mmoja na msaidizi mmoja, mgonjwa ananijia na stuli, unataka nimwimbie?" Hapana. Hakuna aliyesema muuguzi apigwe. Waraka wa kamati kuhusu kufunga wagonjwa, ambao rasimu yake niliandika kwa mkono wangu, haukupiga marufuku kumzuia mgonjwa kwa dharura. Unasema kumzuia kuwe hatua ya mwisho, kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana, asilazwe kifudifudi wala asikandamizwe kifua. Muuguzi apite kila dakika kumi na tano aangalie pumzi, rangi ya vidole, maji na haja. Na kila kitu kiandikwe kwenye daftari la wodi kwa saa na jina. Mgonjwa aliyefungwa hawezi kujigeuza, hawezi kufukuza mbu, akitapika hawezi kujinusuru, na damu inaweza kuganda mguuni ikapanda mpaka mapafuni. Kama hatuna mikono ya kutosha kumwangalia mtu aliyefungwa, basi hatuna mikono ya kutosha kumfunga. Sheria ya Afya ya Akili tunayo tangu 2008, na nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Siku muuguzi anaposimama mbele ya wanasheria, atakayemtetea ni daftari lake. Kwa hiyo mnaosema daftari ni kazi ya ziada, mimi naliita kinga yenu.

Mafunzo yenyewe yalichukua siku tatu, na naomba waliokuwepo wanisahihishe nikikosea. Hatukukaa kusomewa slaidi. Tuligawana nafasi, mmoja mgonjwa, mmoja muuguzi, tukajifunza kusimama pembeni kidogo badala ya uso kwa uso, kuacha nafasi ya mikono miwili, kumwachia mgonjwa njia ya kutokea na sisi kubaki na ya kwetu, kusema mtu mmoja tu na si watu wanne kwa mpigo, kumwita kwa jina lake na kumpa uchaguzi ambao ni wa kweli: vidonge au sindano, kukaa hapa au nje kwenye benchi. Tulitumia pia vitini vya Shirika la Afya Duniani kuhusu haki za wagonjwa, ambavyo vinapatikana bure kwa kila mwenye simu.

Kilichoniingia zaidi ni somo la kujiuliza fujo imetoka wapi kabla ya kuvuta sindano. Mwenzetu wa wilayani alitusimulia mzee aliyeletwa kwenye bodaboda, kafungwa kamba ya katani, ndugu wanasema amerogwa. Alipimwa sukari: imeshuka vibaya. Akapewa glukosi kwenye mshipa, na baada ya muda mfupi akauliza kwa nini amefungwa. Malaria kali hufanya hivyohivyo, na pombe iliyokatwa ghafla pia. Kuna na hili ambalo wengi wetu tunalikosea kila siku: mgonjwa aliyeanza haloperidol, dawa ya ugonjwa wa akili, siku ya tatu hatulii, anakanyagakanyaga mahali pamoja, akikaa anainuka, anasema miguu inamwaka ndani. Tunaandika "fujo imeongezeka" na tunaongeza dozi. Kumbe dawa ndiyo inayomtesa, na tulichoongeza ni mateso. Huyo anatakiwa kupunguziwa dozi na kuonwa na daktari, hatakiwi kamba. Tukakumbushana pia kwamba haloperidol ya sindano ikitolewa peke yake hukaza shingo na kugeuza macho zaidi kuliko ikitolewa pamoja na promethazini, dawa ya mzio inayoleta usingizi, jambo lililoonyeshwa kwenye utafiti wa Rio de Janeiro uliochapishwa mwaka 2007. Na kwamba klopromazini ya sindano, dawa nyingine ya kutuliza, haitolewi kabla ya kupima presha, na mgonjwa abaki amelala, maana akisimama haraka anaanguka.

Wapo waliosema haya ni mambo ya Wazungu. Mimi nasema ni mambo ya wauguzi. Mwaka 1797, pale Bicêtre karibu na Paris, aliyewaondolea wagonjwa minyororo ya chuma alikuwa Jean-Baptiste Pussin, msimamizi wa wodi ambaye hakuwa daktari. Sifa nyingi zilikwenda kwa daktari Pinel. Wengi wetu tumepita Mirembe, hospitali ya afya ya akili ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927, na walimu wetu kule walitufundisha kumwogesha mgonjwa, kula naye, kumpeleka shambani kulima. Hakuna mwalimu aliyetufundisha kwamba shuka ni dawa. Tumejifunza hilo wenyewe, kwa uchache wetu na kwa uchovu.

Matokeo? Sitadai makubwa. Wodi nne zimeanza daftari, na inchaji wawili, yaani wauguzi wasimamizi wa wodi, wameniambia kwamba kukabidhiana zamu kumebadilika, watu wanaulizana "amefunguliwa saa ngapi?" Katika wodi moja kamba zimeondolewa kabisa kwenye kabati la dawa. Mwanachama aliyekuwa mpinzani mkubwa wa waraka, simtaji, alinipigia simu usiku kunieleza alivyokaa sakafuni na mgonjwa mpaka akameza vidonge. Simu ile ilinifariji kuliko vitenge vyote.

Jambo la pili, na hili nalisema kwa uchungu, ni mahudhurio na ada. Vikao vya wanachama kwa wastani havifiki watu ishirini na tano. Najua zamu, najua watoto, najua nauli kutoka wilayani. Lakini msiba ukitokea wote tunakumbuka kwamba chama kipo. Ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka, yaani 2,000 kwa mwezi, chini ya vocha ya wiki. Waliolipa kamili ni 58, waliolipa nusu ni 31, na 74 hawajalipa hata senti. Miongoni mwa hao 74 wapo waliopokea rambirambi kutoka kwa chama hikihiki. Sitasoma majina leo ingawa Mweka Hazina anayo, na kuna waliomshauri ayabandike. Nimekataa kwa mwaka huu.

Hesabu kwa ufupi: tulianza na 412,000, ada 1,764,000, michango ya vitenge na sherehe 1,850,000, jumla 4,026,000. Mafunzo 1,610,000, yaani ukumbi na chakula 740,000, nauli za wa wilayani 520,000, daftari na nakala 350,000. Rambirambi na kuuguza 840,000, Siku ya Afya ya Akili 385,000, vikao na mawasiliano 466,000, makato ya benki 38,000. Jumla ya matumizi 3,339,000, salio 687,000. Risiti zote ziko mezani kwa Mweka Hazina, na anayesema nimekula fedha azipitie kabla hajaondoka ukumbini. Niongeze kwamba gari lililosafirisha vitini lilikuwa langu na mafuta nilijaza mwenyewe. Sikudai kurudishiwa na sitadai.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuyafikisha mafunzo kwenye wilaya zilizobaki. Tunatamani kuzungumza na waajiri kuhusu posho ya mazingira hatarishi na kuhusu muuguzi kuachwa peke yake usiku, ambalo kwangu ndilo linalotangulia yote. Tunatamani pia kuwafuata nyumbani wagonjwa wanaokosa sindano zao za mwezi, maana wengi wanaorudi wodini na fujo ni wale waliokatiza dawa kwa kukosa nauli. Wazo la kiwanja cha ofisi bado lipo. Siku nyingine na vitenge tutashona.

Kuhusu waraka, naomba mkutano huu upige kura leo, uuthibitishe au uufute, ili mwenyekiti ajaye asiambiwe ulikuwa wa mtu mmoja. Kura yangu mnaijua. Wasiolipa ada hawatapiga kura kwa mujibu wa katiba, ila Mweka Hazina atapokea malipo mpaka saa nane mchana, taslimu au kwa simu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti