Usiende peke yako, nakuomba

Swahiba,

Salaam nyingi sana. Sisi huku wazima, natumaini na wewe mzima na mgongo umetulia. Najua nimekaa kimya muda mrefu, nilikuwa na sababu na nitakueleza, ila kwanza hii ya Jumamosi. Meseji yako nimeisoma mara tatu. Unasema sungura wameguguna maganda ya miche mpaka mzee amekata tamaa, kwa hiyo utaingia usiku na tochi na bunduki peke yako kwa vile mimi sipokei simu. Tafadhali usiende. Nisubiri, au mchukue mtu yeyote, lakini peke yako hapana.

Sikutishi. Kimya changu sababu yake ni Fundi. Wewe uliambiwa alishikwa na mafua, si ndiyo? Hayakuwa mafua.

Tulitoka mimi na yeye saa nne usiku, anga safi halina wingu hata moja, na unajua usiku wa hivyo ndio baridi inashuka vibaya maana hakuna cha kuzuia joto la ardhini lisipande juu likapotea. Kipimajoto kilikuwa 12 chini ya sifuri. Theluji ilikuwa imelainika mchana halafu ikaganda tena kwa juu, kila hatua krachu, krachu, sungura anakusikia toka mbali anapiga miguu ya nyuma chini, puu, kuwaambia wenzake, na shamba lote linabaki tupu. Basi tukaamua kukaa kimya kando ya uzio, upepo ukitujia usoni ili wasitunuse. Hapo ndipo tulipokosea. Tulikuwa tumetembea sana, tumetoka jasho, halafu tunakaa chini tuli kama saa nzima na nusu, na Fundi ndani alikuwa amevaa fulana na sweta la pamba. Pamba ikilowa jasho haina msaada tena, bora sufu, yenyewe hata ikipata unyevu bado inashika joto kidogo.

Mwanzoni alikuwa anatetemeka mpaka namsikia meno yanagongana. Nikamwambia turudi, akasema bado kidogo, wanakaribia kutoka. Baadaye akanyamaza, meno yakaacha kugongana, na mimi, swahiba, nilifurahi. Nilidhani amepata joto.

Sungura wakatoka kweli. Nikawasha taa nyekundu, si unajua yale macho, nukta mbili ziko chini chini zinawaka, akigeuza kichwa inabaki moja. Watatu, wanne, wametulia wanakula. Nikampa Fundi ishara apige. Kimya. Nikamgusa, kimya. Kugeuka namkuta glovu zote mbili amezivua ziko kwenye theluji, bunduki imelala chini, anahangaika kufungua zipu ya jaketi eti anasikia joto. Ulimi umekuwa mzito, anaongea kama mlevi na hakuonja hata tone. Nikamuuliza tuko wapi, akanitazama tu.

Lile la kuacha kutetemeka ndilo linaniamsha usiku mpaka leo. Daktari alinieleza vizuri: kutetemeka ni mwili unajitengenezea joto, sasa mtu akiacha kutetemeka na bado yuko kwenye baridi ile ile, si kwamba amepata nafuu, nguvu ndiyo imemwishia. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 umeshaingia hatarini, na akili nayo inaanza kwenda, yaani mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kujua. Sasa wewe ukiwa peke yako nani atakwambia vaa glovu zako? Nani atakuona unafungua zipu?

Nilimvua lile sweta lililolowa, nikamvalisha langu, nikamkumbatia mpaka kwenye gari. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vyeupe na vigumu kama mshumaa. Nilitaka kuvisugua, namshukuru Mungu sikusugua, kumbe ngozi iliyoganda ukiisugua unaichana kwa ndani, na kuisugua kwa theluji ndiyo mbaya zaidi. Maji ya uvuguvugu tu, tena pale ambapo haitaganda tena. Na jirani alitaka kumpa pombe apate moto, nikakataa, pombe inafungua mishipa ya ngozi, unasikia moto wakati joto la ndani linatoka. Alilazwa siku mbili. Vidole vipo, ila ncha bado zina ganzi, kufunga vifungo vya shati anasaidiwa. Shemeji hajanisemesha tangu siku ile na simlaumu, nilipaswa kumrudisha pale pale meno yalipokuwa yanagongana... basi tu.

Nasikia kabisa unavyosema wewe umezoea. Fundi je, hakuzoea?

Miche ya mzee inaniuma na mimi, nataka tuwapunguze kweli. Tukienda wawili tutakaa dakika ishirini halafu tunatembea, sweta kavu ya kubadilisha iko kwenye begi, betri za akiba mfuko wa ndani karibu na mwili maana baridi inazimaliza haraka, na kama ni ile bunduki yako ndogo ya .22 hakuna kupiga kama nyuma ya sungura ni ardhi iliyoganda au mawe, risasi inadunda na huwezi kujua inaelekea wapi. Na kuchuna tuvae glovu, yule tuliyemkuta mwaka jana ini lina madoa meupe bado namkumbuka, tularemia, ule ugonjwa wa sungura unaompata na mtu, inaingia hata kwenye kidonda kidogo cha kidole. Wakati huo huo mwambie mzee azungushie miche wavu, na auinue juu ya kimo cha theluji, maana sungura anasimama juu ya theluji na kufikia ganda la juu.

Sasa nijibu leo leo. Kibali cha kuwinda usiku kwa taa unacho, au ni kile cha mchana tu? Mzee amekubali usubiri mpaka wiki ijayo? Ndani unavaa nini, usinifiche? Mbwa utamchukua, na anakubali ukimkagua barafu katikati ya vidole? Na Fundi umempigia? Mpigie bwana, anakuulizia kila siku, ila usimtajie vidole mpaka aanze mwenyewe. Jumamosi saa nne usiku nitakupigia simu ya nyumbani, utakuwepo uipokee?

Ndimi, swahiba wako wa siku zote