Mwenye tamaa angeitoa ile hela

Ndugu Mhariri,

Miaka 19 nanunua gazeti lako na sijawahi kukuandikia hata mstari. Ila ile habari yenu ya vijana wa Moshi na kubeti imeninyanyua kwenye cherehani. Mwandishi wako kapita Mbuyuni, kapita stendi, kauliza wazee watatu, kisha kamaliza kazi kwa maneno mawili: uvivu na tamaa.

Uvivu? Mpwa wangu hufungua kibanda changu cha cherehani saa kumi na mbili asubuhi, mimi bado natafuta viatu.

Mama yake, dada yangu, alifariki mwaka juzi. Simu ya hospitali iliingia saa nane usiku, akaipokea yeye. Msibani Kibosho tukamwambia kaza moyo, wewe mwanaume, naye akakaza. Tukaondoa matanga, tukagawana masufuria, kila mtu akarudi kwake. Akaanza kucheza kwenye kibanda cha pleisteshi, tukafurahi kwamba kijana anachangamka. Kisha dubwi la grosari, ile mashine ya kamari inayomeza sarafu, nikawa naona sarafu za 200 zinakwisha kwenye droo yangu ya chenji. Kisha kindege kwenye simu, ule mchezo wa kubeti ambao dau linapanda kindege kikipaa na kuliwa kikipotea. Jumamosi moja nikampa sh180,000 akanunue kitambaa cha sare za kwaya. Saa saba mchana nikamkuta stoo, amekalia gunia la vipande, jasho linamtoka. Nikasimama nyuma yake. Salio lilisoma sh410,000. Laki nne na kumi, Mhariri! Nikamwambia toa, mjomba, toa sasa hivi. Hakutoa. Kindege kikapaa, kikapotea, kikapaa, kikapotea, nusu saa haikufika zikabaki sh900. Mkono wangu ulishainuka kumzaba kofi. Akanitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini, akasema, "Mjomba, nikicheza siisikii ile simu."

Tamaa iko wapi hapo? Mwenye tamaa angeitoa ile hela, akala. Huyu hela kwake ilikuwa nauli tu ya kumchukua mbali na saa nane za usiku. Binti yangu anasomea uuguzi, ndiye aliyenifungua macho: Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na wa kamari umo kwenye orodha zake tangu zamani. Si kila anayecheza ni mgonjwa. Wanatazama kama mtu ameshindwa kujizuia, kama gemu imetangulia mbele ya kazi na usingizi, na kama anaendelea huku anaumia, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mzima. Na wanaochunguza mambo haya wanakuta mara kwa mara kwamba wengi wanaonasa ni wale wasiojua wafanye nini na huzuni yao, hasira yao, upweke wao. Mchezo unazima kelele za moyoni kwa dakika chache. Akiliwa, uchungu unakuwa maradufu, na dawa anayoijua ni ileile. Hata "kidogo tu nipate" ya mashine, picha mbili zikilingana ya tatu ikateleza, ubongo unaipokea karibu kama ushindi. Mtu wa namna hiyo ukimwandika mvivu, umempa sababu nyingine ya kurudi stoo. Mimi nilipofiwa na baba nilikunywa mbege miaka miwili. Watu walisema fundi anajiliwaza.

Nilimpeleka hospitali. Dirishani wakauliza anaumwa nini, nikasema anabeti. Foleni nzima ikacheka, na aliyeshika kalamu naye akacheka. Kitambaa cha kwaya nilikinunua kwa mkopo wa kausha damu, na huo una barua yake siku nyingine.

Halafu, Mhariri, fungua ukurasa wa michezo wa toleo hilohilo. Nusu yake ni tangazo la kubeti, kijana anachekelea bunda la noti! Kwa hiyo ukurasa wa tatu mnamtukana, wa nyuma mnamkaribisha. Na redio ndiyo usiseme. Jina la mshindi linatajwa mara sita kwa mbwembwe, lakini onyo la miaka 18 na kucheza kistaarabu linasomwa kama mpiga debe anayewahi gari la mwisho la Rombo.

Pendekezo langu ni hili. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ikishadai ada ya leseni, idai na benchi. Benchi la mbao, futi nne, kando ya kila dubwi, na juu yake aketi mama mtu mzima mwenye chupa ya chai, kazi yake kumuuliza kila anayekuja na sarafu: "Mwanangu, umelalaje?" Asimwachie atumbukize mpaka ajibu, na "poa" isihesabiwe kuwa jibu. Mbao nitatoa mimi. La kwanza liwekwe kwenye ile grosari iliyo njia ya shule ya msingi, na mpaka mama apatikane, alikalie mwandishi wenu.

Fundi cherehani,
Majengo, Moshi