Pikapu haijafa, waya ndio umekatika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kwamba pikapu za zamani zenye distribyuta (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi) zikauzwe chuma chakavu, kwa kuwa zikizimika hazitengenezeki tena. Mimi nina Datsun 1200 tangu mwaka 1998. Ndiyo inayoshusha kabichi na nyanya zangu kutoka Soni hadi Mombo, na Aprili iliyopita nusura niiuze kwa sababu hiyo hiyo.

Alfajiri ile ukungu ulikuwa mzito, matenga kumi na mawili ya nyanya yameshapakiwa. Stata inazungusha injini vizuri, petroli inafika kwenye kabureta, lakini haiwaki. Nikachomoa plagi moja, nikaivika waya wake, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, kijana wangu akapiga stata. Hakuna cheche. Nikadhani ni unyevu, nikafungua kifuniko cha distribyuta, nikakikausha pamoja na rota. Bado.

Fundi niliyemwita hakupima kitu. Alisema koili, ile inayokuza umeme wa betri hadi utoe cheche, imekufa. Nikanunua nyingine kwa shilingi 40,000. Haikuwaka. Akasema basi ni kondensa, kile kidude kidogo kinachozuia umeme kuruka unapokatwa. Nikanunua. Haikuwaka. Siku ya tatu akataka distribyuta nzima, na nyanya zangu zilikuwa zimeanza kutoa maji. Nilizigawa kwa majirani.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyekwisha kuacha kazi ya gereji. Alikuja na balbu ya indiketa iliyofungwa nyaya mbili, basi. Waya mmoja akaushika kwenye bodi, wa pili akaugusisha kwenye koili, pale umeme wa swichi unapoingia. Balbu ikawaka. Akahamia upande wa pili wa koili, unaokwenda kwenye distribyuta, akaniambia, "Piga stata, mwanangu." Hapo balbu ilitakiwa kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, kadiri pointi za ndani, yaani vile vipande viwili vya chuma vinavyokata na kuunganisha umeme, zinavyofunguka na kufunga. Ikakaa inawaka tu.

Akanieleza maana yake. Ingekaa imezimika, tungeishuku koili yenyewe, au kondensa iliyogusana na bodi. Kuwaka bila kupepesa ni kwamba umeme hauteremki kwenye bodi kupitia pointi. Na koili hutoa cheche pale umeme unaopita ndani yake unapokatwa ghafla. Usipopita, hakuna cha kukatwa, hata koili iwe imetoka dukani leo.

Akasugua pointi kwa msasa laini. Hali ile ile. Ndipo akaukamata ule waya mfupi ulio ndani ya distribyuta, unaopeleka umeme kwenye pointi, akauvuta taratibu. Ukarefuka kama mpira. Ganda la nje lilikuwa zima kabisa, shaba ya ndani imekatika. Waya huo huchezeshwa kila unapokanyaga mafuta, kwa sababu sahani inayobeba pointi husogezwa na mvuto wa hewa ya injini. Miaka ikipita hukatika pasipoonekana. Akaweka kipande kingine chenye nyuzi nyingi laini (mgumu ungekatika tena baada ya muda mfupi), akapima pointi zifunguke nusu milimita. Stata ya kwanza ikawaka.

Mhariri, kuna wakulima wengi huku milimani ambao hawana uwezo wa kununua gari jingine, na kila koili inayouzwa kwa kubahatisha ni mbolea ya msimu mzima. Nawaomba vijana wenye gereji wapime kabla ya kutuma mtu dukani, nasi wateja tuwaambie watuonyeshe balbu ikiwaka kabla hatujatoa pesa.

Koili yangu ya zamani niliirudisha, na ndiyo inayofanya kazi hadi leo. Msomaji mwenzangu, kama pikapu yako bado iko uani, fungua kifuniko cha distribyuta uuvute kwanza ule waya.

Mkulima wa mboga,
Soni, Lushoto